Watu Elfu Mbili wa Mama Soli

Mzazi ambaye mtoto wako amepata kazi majuzi na wewe roho haijatulia, weka chini hicho ulichokishika usome haya mpaka mwisho. Ukimaliza, nenda kamsaidie, kama bado utakuwa na hamu hiyo.

Palikuwa na mama mmoja fundi viatu. Kazi alirithi kwa marehemu mumewe, pamoja na nyundo tatu, ule mguu wa chuma wa kugongea soli, na chumba kimoja kinachotazama njia panda. Nyuma ya chumba ndiko alikokuwa akilala yeye na binti yake. Watu walimwita Mama Soli, na hakuna aliyekumbuka tena jina alilopewa kwao. Alikuwa fundi hodari, mchapakazi, mkarimu, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: wasiwasi. Mvua isiponyesha ana wasiwasi na ukame, ikinyesha ana wasiwasi na paa. Na wasiwasi wake haukukaa moyoni kama wa watu wengine. Ulishuka mikononi. Mama Soli akiingiwa na hofu, lazima atende jambo.

Binti yake alikuwa amemaliza chuo miaka miwili nyuma. Miaka miwili hiyo alishinda nyumbani akipaka viatu rangi, mpaka kucha zikasahau rangi yake ya asili. Halafu siku moja ikaja barua. Ofisi ya mipango ya usafiri wa jiji imemchukua, miezi mitatu ya majaribio, akifanya vizuri ataajiriwa moja kwa moja. Mama Soli aliisoma barua ile mara nne. Mara ya tano alilisoma neno "majaribio" peke yake, na hapo ndipo usingizi ulipomkimbia.

"Kazi yenyewe ni ipi, mwanangu?"

"Kuhesabu watu, mama."

"Kuhesabu watu! Umesoma miaka yote ile uje uhesabu watu?"

"Tunalinganisha. Jiji linataka kuondoa foleni. Ziko njia mbili: ama barabara ipanuliwe yapite mabasi peke yake, ama ijengwe reli ije treni. Sasa huwezi kuchagua kama hujui watu wenyewe ni wangapi. Hapa kwetu njia panda ikipita elfu mbili kwa asubuhi moja, mabasi hayatatosha."

Maelezo mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Lakini mama mwenye wasiwasi hasikilizi mwanzo wala mwisho. Katika maneno yote hayo Mama Soli alishika "ikipita elfu mbili", akaiweka kichwani pale pale alipoweka zamani alama za mtihani wa darasa la saba. Kwake yeye elfu mbili ikawa alama ya kufaulu. Chini ya hapo, mtoto amefeli.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi binti akaketi njia panda, mwavuli juu, karatasi mapajani, na mkononi kidude cha chuma kinachobonyezwa kwa kidole gumba. Mbele yake alikuwa amechora mstari wa chaki, kutoka ukutani mpaka ukingo wa barabara. Kila anayeuvuka kwenda upande wa mjini, kidude kinalia: tik. Ofisini walikuwa wamefundishwa na mhandisi mkuu mwenyewe, ambaye kwa kupenda kunyoosha mambo aliitwa Bwana Rula, kwamba mhesabuji asitazame nyuso. Anayetazama nyuso atasalimiwa, atajibu, atauliza habari za wagonjwa, na hesabu itapotea. Tazama mstari, hesabu miguu. Binti akatazama mstari saa tatu nzima bila kuinua kichwa, hata mama yake alipopita na chai ya chupa na kukohoa makusudi.

Jioni Mama Soli alikuwa jikoni akiosha sufuria. Simu ya binti ikalia chumbani, sauti ya Bwana Rula ikatoka nje nje kama redio.

"Umepata wangapi?"

"Elfu moja mia moja na arobaini, bosi."

"Ndogo sana hiyo. Ikiendelea hivyo mpaka Jumatano, kituo hicho nitakifuta. Hakuna haja ya kukaa na kituo kisicho na watu."

"Sawa, bosi."

Bwana Rula alikuwa akizungumzia alama moja kwenye ramani. Kituo kikifutwa, mhesabuji anapelekwa kituo kingine, na siku hiyo hiyo maisha yanaendelea. Lakini pale jikoni sufuria ilikuwa imekwisha kuanguka. Mama Soli aliona binti yake akirudi kwenye brashi ya rangi, akizeeka juu ya kigoda, viatu vya watu vimemzunguka.

Kwa nini hakuuliza? Swali dogo tu: "Kufuta kituo ndiyo nini?" Ningekuwa sina la kuandika leo. Lakini aliogopa kumwaibisha mtoto. Wazazi wengi tuko hivyo: tunaona haya kuuliza, hatuoni haya kuharibu.

Alfajiri ya Jumanne alikuwa mlangoni kwa shoga yake, muuza mboga.

"Shoga, wewe si daktari alikwambia utembee kwa ajili ya presha?"

"Aliniambia mwaka juzi."

"Basi tunaanza leo. Waite na wenzetu wa kikundi. Mwenye presha aje, mwenye sukari aje, na mwenye kitambi tu asibaki nyuma."

"Leo leo? Saa hizi?"

"Presha inakusubiri wewe umalize kupiga miayo?"

Wakaja ishirini na watano. Mama Soli akawapangia mzunguko: piteni njia panda kwa adabu, kila mmoja na lake kama mtu aendaye kazini, msimsemeshe binti maana yuko kazini, mkifika duka la dawa kateni kushoto, ingieni kichochoro, mtokee mlango wangu wa nyuma, kisha mrudi tena barabarani. Dakika nane mzunguko. Na kwa kuwa binti alihesabu miguu, na amekulia katikati ya viatu, mama akaona mbali zaidi. Kila mzunguko, pale mlango wa nyuma, wabadilishe viatu.

"Vya nini tena?" muuza mboga akauliza.

"Mimi fundi au wewe? Mguu ukizoea kiatu kimoja unalemaa."

Hakuna aliyebisha. Na viatu vilikuwepo tele, rafu tatu za wateja ambao hawajaja kuchukua. Basi ukawaona wanawake watu wazima wakipita njia panda, huyu na viatu vya harusi vyenye visigino virefu, yule na buti za mvua jua limewaka, mwingine na raba za shule zilizombana mpaka anatembea kama anakanyaga makaa. Muuza mboga alipata viatu vya ngozi vya mwanamume, namba arobaini na tano. Alivivuta kama mtu anayesukuma mashua mbili. Tik, tik, tik, ndilo jibu la kidude.

Jumanne ikatoka elfu moja mia sita na tisini. Jioni binti aliingia akitabasamu. "Mama, leo watu wameongezeka, sijui wametoka wapi!" Mama Soli akageukia jiko ili mtoto asiuone uso wake. Furaha ilimjaa, na hofu nayo ikabaki na nafasi yake: zilibaki mia tatu na kumi.

Jumatano wakaja arobaini na mmoja. Habari za mazoezi zilikuwa zimeenea, na kuna waliosema kwamba miguu yao haijawahi kuwa myepesi namna ile. Ila pia alikuja mtu ambaye hakualikwa. Huyu alikuwa mzee mstaafu wa reli, aliyekuwa mlinzi wa behewa la nyuma, na tangu treni za zamani zisimamishwe alikuwa hajamsamehe mtu yeyote. Jina lake la mtaani lilikuwa Kipenga. Alisimama kichochoroni akatazama wanawake wakivuliana viatu, akaelewa kila kitu.

"Mama Soli. Hii ndiyo hesabu ya reli na barabara, au siyo?"

"Ni presha, mzee."

"Presha ya treni naijua mimi! Sikiliza nikwambie. Basi ni mtu wa kigeugeu. Likiona shimo linakwepa, likiona abiria watatu linasimama, likiona dereva mwenzake linapiga soga. Treni inasema saa moja na dakika sita, ni saa moja na dakika sita, hata kama mkwe wako yumo njiani."

"Mzee, mimi sina neno na basi wala treni. Nina neno na elfu mbili."

"Basi mimi na wewe ni ndugu," Kipenga akasema. Akaenda, akarudi na wastaafu wenzake wanane. Yeye wa tisa, makoti yamepigwa pasi, wakapita njia panda kwa mstari mmoja kama mabehewa. Walikuwa wazito, mzunguko wao mmoja ulikula dakika kumi na nane, lakini hawakukosa hata mmoja.

Elfu mbili mia moja na kumi na nane.

Binti alifika nyumbani akamkumbatia mama yake. "Bosi amefurahi sana, mama! Kituo changu kimebaki." Mama Soli alilala kama mtoto. Kama hadithi ingeishia hapo ningeshauri kila mzazi anunue buti za mvua.

Wiki mbili baadaye wakazi wakaitwa ukumbini kusikia matokeo. Mama Soli alikaa mstari wa mbele, kilemba kipya, kwa sababu binti yake alikuwa amekaa kule mbele na maofisa. Nyuma yake walikaa wanawake wa mazoezi, na pembeni Kipenga na wenzake, makoti yale yale. Ukutani zilitundikwa ramani mbili kubwa, moja ina mstari wa buluu, nyingine mstari mwekundu.

Bwana Rula akasimama na fimbo yake ya kuonyeshea.

"Wananchi, buluu ni mabasi kwenye njia yake. Faida yake ni kwamba barabara ipo tayari, tunaongeza upana kidogo, mwaka mmoja kazi imekwisha. Basi moja likiharibika linasogezwa pembeni, mengine yanapita. Watu wakipungua tunapunguza mabasi. Nyekundu ni reli. Treni moja inabeba watu wa mabasi kumi na mbili, haina foleni, haina mataa. Lakini reli ni mlo wa ukumbi mzima, huwezi kuupikia watu wawili. Ukiijenga, lazima watu wawepo, asubuhi na jioni, miaka arobaini. Na reli haikati kona kwa ghafla. Inataka kona pana, taratibu."

"Kama bibi harusi," Kipenga akasema kwa sauti, na ukumbi ukacheka.

"Sasa tulijiwekea mpaka. Tunachukua ile asubuhi yenye watu wengi kuliko zote. Chini ya elfu mbili, mabasi. Juu ya hapo, reli. Na kituo kimoja tu, cha huyu dada hapa, kimeuvuka mpaka huo. Kazi safi sana, hakuna aliyekuwa na karatasi nadhifu kama zake. Nimependekeza aajiriwe. Kwa hiyo, wananchi, ni reli."

Kipenga akasimama, akavua kofia, machozi yakamlenga. Mama Soli alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Ameajiriwa! Mwanangu ameajiriwa! Ndipo macho yake yalipofuata fimbo ya Bwana Rula, ambayo ilikuwa ikitembea juu ya mstari mwekundu kama inzi juu ya kamba.

"Inatoka huku, inazunguka hivi kwenye njia panda, na kwa sababu ya ile kona pana niliyowaambia, inapita hapa. Kuna kijumba kimoja cha viatu. Hicho kitaondoka."

Makofi ya Mama Soli yakapungua moja moja. Shoga yake akamshika kiwiko.

"Shoga! Si kwako pale?"

"Ni kwangu."

"Sema basi!"

"Niseme nini? Ameajiriwa." Akanyoosha kilemba. Kichwani mwake alikuwa amekwisha kuanza kuhama: nyundo zitaingia kapu hili, ule mguu wa chuma ataubeba begani, rafu atamwachia jirani. Nyumba ni matofali, alijiambia. Mtoto ni mtoto.

Angenyamaza mpaka leo, na treni ingepita juu ya kitanda chake. Lakini mtu mmoja nyuma aliinua mkono. "Mheshimiwa, na reli ikijengwa halafu watu wenyewe wasionekane?"

Bwana Rula akatabasamu, akainua karatasi moja. "Hapo ndipo uzuri wa kazi iliyonyooka. Kila karatasi ina saini ya aliyehesabu. Watu wasipoonekana, tunajua tumuulize nani." Akaigeuza karatasi ili ukumbi mzima uone. Saini ya binti yake ilikuwa pale chini, ndogo, yenye mkia.

Mama Soli aliona mara moja: treni tupu, mabehewa sita, inapita na kurudi, na binti yake amesimamishwa mbele ya watu wazima kumi anaulizwa, wako wapi? Ile elfu mbili yako iko wapi? Wasiwasi ukashuka mikononi, mikono ikashika kingo za kiti, akajikuta amesimama.

"Mheshimiwa, mniulize mimi. Watu wenyewe ni hawa."

"Hawa akina nani, mama?"

"Hawa walionizunguka. Niliwazungusha."

"Mama Soli, kaa chini!" Kipenga akanguruma. "Mama amechoka, mheshimiwa, endelea na kona yako."

"Kwani yale mazoezi yalikuwa ya treni?" mwanamke mmoja akauliza, na hapo ukumbi ukawaka. Kila mtu akasema lake. Mwanamume mrefu akasimama karibu na mlango, uso umemwiva. "Ndiyo maana! Nimepeleka viatu vishonwe kisigino, vimerudi soli imelika kama nimehiji navyo!"

"Vilinitoa malengelenge, nawe usinipigie kelele!" muuza mboga akamjibu.

Bwana Rula aligonga meza. Hakuwa tayari kuamini. "Mama, haiwezekani. Ulikuwa na watu wangapi?"

"Jumatano, wanawake arobaini na mmoja. Kila mmoja mizunguko ishirini na miwili. Isipokuwa huyu shoga yangu, goti lilimkataa mzunguko wa nane, akakaa. Na wazee tisa, mizunguko kumi kumi."

Mhandisi ni mhandisi. Hata akiwa amekasirika, ukimpa namba lazima azifanye. Akageukia ubao, chaki ikalia. Mia tisa na mbili, toa kumi na nne za goti, mia nane themanini na nane. Ongeza tisini za wazee, mia tisa sabini na nane. Akaitoa kwenye elfu mbili mia moja na kumi na nane. Akalipigia jibu mstari mara mbili.

Elfu moja mia moja na arobaini. Ileile ya Jumatatu, bila kupungua hata mguu mmoja.

"Huyu mama," Bwana Rula akasema polepole, "anahesabu vizuri kuliko idara yangu."

Binti alikuwa amejifunika uso kwa karatasi.

"Na wewe," Bwana Rula akamgeukia. "Mama yako mzazi anazungusha watu mbele yako, jirani zako wote wanapita mbele yako siku mbili, hukuona?"

Binti akashusha karatasi. "Hukutaka nione, bosi. Ulisema nisitazame nyuso. Viatu niliona ni vya ajabu, nikadhani ndiyo fasheni."

Maofisa wakatazama dari. Kumfukuza yule binti ilikuwa ni kuikana kanuni aliyoitunga mhandisi mwenyewe na kuipiga chapa kwenye vijitabu mia tatu. Bwana Rula akavua miwani, akaifuta, akaivaa, ikawa haijasafika, akaifuta tena. Mwisho akasema njia panda itahesabiwa upya na watu wengine, na binti na mama yake wafike ofisini Ijumaa.

Hesabu ya upya ikatoka elfu moja mia moja na hamsini na tatu. Ni mabasi. Kipenga hakumsalimia Mama Soli mwezi mzima, na wanawake watatu wakahamia kwa fundi mwingine. Nyumbani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Binti alikula akanawa, akalala akaamka, bila neno. Mama Soli alipika vyote anavyovipenda mtoto, akafua hata nguo zilizokuwa safi.

Ijumaa walikuta Bwana Rula amewaandalia karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya binti: majaribio yanaanza upya, miezi mitatu mingine, kituo cha sokoni, upande wa pili wa mji. Ya pili ilikuwa ya mama, na bila saini yake ile ya kwanza ilikuwa haina kazi. Mama Soli akaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Anaahidi kutosogea hatua mia mbili karibu na mhesabuji yeyote wa jiji, yeye, mashoga zake, na wagonjwa wa presha kwa ujumla.

Akashika kalamu. Akasita.

"Kuna tatizo, mama?" Bwana Rula akauliza.

"Hizi hatua mia mbili, baba. Ni hatua za nani? Maana zako ni ndefu kuliko zangu, na nisingependa tena mwanangu aulizwe jambo."

Binti akatoa sauti. Mama Soli aligeuka haraka akidhani mtoto analia, akakuta ameinamia meza anacheka, mabega yanaruka, ameshindwa kujizuia. Bwana Rula akachukua kalamu, akaandika pembeni: hatua za mama. Mama Soli akatia saini.

Nje ya ofisi binti alimshika mkono, mara ya kwanza tangu ule mkutano. "Mama, unakwenda wapi sasa?"

"Sokoni, kununua gundi."

"Sokoni ndiko kituo changu. Naanza leo."

Mama Soli akafikiri kidogo, akaona ni kweli. "Basi nitazungukia kwa nyuma."

"Usizunguke, mama. Nakuomba. Chochote ufanye, usizunguke. Nenda nyumbani, nitakuletea mwenyewe."

Akaenda nyumbani moja kwa moja. Mara mbili njiani wasiwasi ulimshika, kama mtoto amebeba maji ya kunywa, kama mwavuli haujavunjika, kama kile kidude hakijakwama. Mara zote mbili alisimama, akaikunja mikono kwapani, akaendelea na safari.